Siku Mto Ulipopungua na Mvua Bado Inanyesha

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Ilikuwa asubuhi, mawingu mazito yamekaa juu ya mlima, na mto wetu ulikuwa umepungua ghafla. Nikafurahi. Hilo la kufurahi ndilo linaloniuma mpaka leo, wala si kutojua, maana kujua nilijua. Kaa nikueleze, na hiyo simu iweke mfukoni kwanza. Sitasema mara mbili. Ingawa kwa jinsi ninyi mlivyo, nitasema mara mbili, na ya tatu pia.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa na kazi. Kule chini ya Lugulu, barabara ilipovuka mto, kulikuwa na daraja la mbao lenye nguzo za simiti. Kwenye nguzo moja watu wa maji walikuwa wamefunga ubao mrefu mweupe wenye namba nyeusi, kama rula ya shule iliyosimamishwa majini. Kazi yangu ilikuwa kuusoma ubao huo asubuhi na jioni, kuandika namba kwenye kitabu, na mwisho wa mwezi kupeleka kitabu ofisini Kitale. Basi, hakuna zaidi. Lakini mimi nilinunua kofia. Nilitembea na kalamu sikioni. Watu wakaanza kuniita Karani wa Mto, nami nikaitika. Mtu akiniuliza, "Karani, mto unasemaje leo?" nilikunja uso kama daktari kabla ya kumjibu. Ungeniona ungecheka. Mimi nikijikumbuka natamani kujizaba kofi.

Mwaka ule kiangazi kilitupiga vibaya. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na mto ukapungua mpaka maji hayakuufikia tena ubao wangu. Kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kusoma, niliomba ruhusa nikaenda Endebess, chini ya mlima, kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa akifuga ng'ombe wa maziwa. Nyasi zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa tukikata migomba na kuwapa ng'ombe mashina yake, siku baada ya siku, mpaka mikono yangu ikawa myeusi kwa utomvu.

Huko ndiko nilikouona moto. Ulianzaje sijui, wengine walisema ni radi, wengine warina asali. Nilichoona ni kwamba mlima ulikuwa umekauka kama kuni za jikoni, na moto ulipoushika haukuuachia. Uliingia kwenye mianzi, na mianzi ikawa inalipuka kama bunduki, siku nyingi mfululizo. Majivu yalitua kwenye maziwa tukiwa tunakamua. Mwishowe moto ukakosa cha kula, ukafa wenyewe, na watu wa Endebess wakakusanyika kanisani kushukuru. Nami nilikuwepo. Niliimba kwa sauti ya kwanza.

Kisha, kabla sijarudi nyumbani, mvua za kwanza zikanyesha. Siku hiyo mtamba mmoja wa mjomba alikuwa amepotea, tukapanda kumtafuta mpaka kwenye miteremko iliyoungua. Ikatunyeshea huko, saa nzima. Mjomba wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliokota kijiti, akainama, akachimba pale tuliposimama. Juu udongo ulikuwa umelowa na unateleza. Chini, kina cha kidole tu, vumbi kavu.

"Unaona?" akaniambia. "Moto umeupika huu udongo. Maji hayaingii. Yanapita juu tu kama kwenye sufuria iliyopakwa mafuta."

Akanionyesha na nyufa zilizoachwa na kiangazi, ndefu, zimekata mteremko kutoka upande mmoja hadi mwingine. Niliingiza mkono katika mmoja, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Akasukuma mti uliosimama karibu, mti mkubwa tu, ukaanguka. Mizizi ilikuwa imeungua ndani ya ardhi.

"Hapa kitu kimeshikiliwa na nini?" akauliza. "Mvua ikikaza, hapa patatoka. Na pakitoka, pataangukia korongo lile la mto."

Nikaitikia kwa kichwa. Unajua nilikuwa nikiwaza nini, mwanangu? Nilikuwa nikiwaza kama shangazi ameshaweka maji ya ugali. Tulimpata yule mtamba, tukashuka, nami kesho yake nikarudi Bungoma kwenye ubao wangu. Sikumwambia mtu yeyote nilichokiona. Kwa nini nimwambie? Kazi yangu ilikuwa mto. Mlima haukuwa kazi yangu.

Mto wenyewe ulikuwa unatoka kule kule juu ya lile korongo, lakini mimi nilikuwa na kofia.

Mvua ikakaza kweli. Ilinyesha kwetu, ikanyesha zaidi mlimani. Kila asubuhi nilikuta maji yamepanda namba mbili, tatu. Nyumba zilizokuwa bondeni, kumi na kitu hivi, zikaanza kuingiwa na maji, wenyewe wakahamia madarasani katika shule iliyokuwa juu ya kilima. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu Barasa. Tulisoma pamoja, tukatahiriwa mwaka mmoja. Barasa alikuwa anafyatua matofali ng'ambo ya mto, na alikuwa ameyapanga juu ya kichuguu cha udongo ambako maji hayakuwa yamefika. Ndiyo yalikuwa ya kujengea nyumba. Alikuwa na mchumba. Kila siku alikuja darajani kuniuliza kama matofali yake yatapona. Mimi nakunja uso, najibu.

Sasa ile asubuhi ndiyo hii ninayokusimulia. Nilifika darajani nikakuta mto umeshuka. Sisemi umeshuka kidogo. Jioni iliyotangulia maji yalikuwa karibu kuzigusa mbao za daraja. Asubuhi hiyo niliuona ubao wote mpaka chini, na mawe ya mtoni yanang'aa kwa matope. Nikaandika namba, nikaipigia mistari miwili. Kisha nikasimama katikati ya daraja, nikazungusha mikono kinywani, nikapaza sauti kuelekea shuleni:

"Mto umelala! Rudini! Mto umelala!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Watu wakateremka kama maji yenyewe. Kambare walikuwa wamebaki kwenye vidimbwi wakijipigapiga, basi watu wakaingia mtoni na mabeseni, na vikapu, na sufuria. Wengine wakaenda kuzoa tope kutoka majumbani. Barasa alipita darajani akikimbia, akanipiga bega. "Karani, wewe ni mtu wa maana sana," akasema, akavuka kwenda kuyaona matofali yake.

Nilikuwa bado natabasamu alipokuja Kukhu Namalwa. Kukhu kwetu ni nyanya, bibi. Alikuwa nyanya wa kila mtu, lakini hakuna aliyemkimbilia akumbatiwe. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mfupi, mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine, na mdomo wake ulijulikana mpaka Bumula. Alichimba udongo wake kwenye kingo za mto ule tangu alipoolewa. Alikuja na jembe begani, akasimama kando yangu, akatazama chini muda mrefu. Kisha akatazama mlima. Juu kule kulikuwa kweusi.

"Mvua imeisha huko juu?" akaniuliza.

"Bado, Kukhu. Inanyesha tu."

"Tangu jana?"

"Tangu wiki jana."

"Sasa maji yako wapi?"

Nikamwonyesha ubao. "Yamepungua, Kukhu. Angalia namba."

"Sikuulizi namba. Nakuuliza maji. Mvua inanyesha huko, maji hayafiki hapa. Yako wapi?"

Nikageuka nikautazama mlima. Nakwambia ukweli, mwanangu, niliona kile kijiti cha mjomba kikichimba. Niliona vumbi chini ya tope. Niliona ule ufa uliomeza mkono wangu, na mti ukianguka, na lile korongo chini yake. Vyote vilikuwa kichwani mwangu tangu mwezi uliopita, kila kimoja kimekaa peke yake kama watu wasiosalimiana. Kiangazi kilikuwa kimekausha, moto ukachoma kilichokauka, mvua ikakuta udongo usiokunywa maji, mlima ukatoka. Na mlima ulipotoka ulikaa ndani ya mto.

"Umezibwa," nikasema. "Kukhu, mto umezibwa huko juu. Mjomba wangu alisema..."

"Alisema lini?"

"Mwezi uliopita."

Alinitazama. Sitakuambia neno alilonitukana, kwa sababu wewe ni mtoto wangu na mimi ni mzee wa kanisa. Aliuinua mkono wake wenye nguvu, akaning'oa kofia kichwani, akaitupa, akashuka ukingo mbio akipiga kelele kwamba watu watoke.

Unadhani walitoka? Walicheka! Mama mmoja alisema, "Kukhu, si Karani mwenyewe ndiye ametuambia?" Kukhu akalipiga beseni lake teke, kambare wakarudi matopeni. Akawageukia vijana na mpini wa jembe, akawachapa mgongoni bila kuchagua. Mimi nilikuwa nyuma yake nikipaza sauti, "Nimekosea! Nimekosea! Tokeni!" na hilo ndilo lililowatoa, nadhani, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kunisikia nikisema nimekosea. Wakapanda wakinung'unika, wakitukana, wengine wameshika samaki mmoja mmoja. Wale wa majumbani nao wakatoka na majembe yao ya tope.

Barasa alikuwa ng'ambo. Nikakimbia darajani nikamwita. Alikuwa anafunika matofali kwa majani ya migomba kwa sababu mvua ilikuwa inaanza kudondoka na kwetu pia.

"Barasa! Panda juu! Achana na hayo!"

"Si umesema umelala?"

"Nilikosea! Mto umezibwa huko juu, utaachia! Panda!"

"Dakika moja tu, bana! Nimebakisha huu mstari!"

Nilimwita tena. Nilimwita kwa jina la baba yake. Aliinua mkono kunionyesha kwamba amesikia, akainama akachukua jani jingine.

Kilichotangulia kufika kilikuwa harufu. Harufu ya udongo uliochimbwa, na ndani yake harufu ya moto, ile ile ya mianzi iliyoungua niliyoivuta Endebess, sasa imelowa. Halafu sauti, kama malori mengi kwenye barabara ya mawe. Kukhu Namalwa alinikamata shati kwa nyuma, akaniburuta kutoka darajani. Bila yeye usingekuwa unamsikiliza mtu hapa. Maji hayakuja kama maji. Yalikuja kama shamba zima linalotembea, meusi, yana miti iliyoungua imesimama wima ndani yake. Daraja likaondoka na ubao wangu. Kichuguu cha matofali kilikuwepo, na nilipopepesa macho hakikuwepo. Sikumwona Barasa akianguka. Nimeshukuru kwa hilo, na nimejilaumu kwa kushukuru.

Tulimpata siku ya tatu, mbali kule chini, kwenye shamba la miwa.

Habari za mlimani zilitufikia baadaye kidogo, mjomba alipokuja mazishini kwa miguu kwa sababu barabara zilikuwa zimekatika. Mteremko ule ule tuliomtafutia mtamba ulikuwa umetoka wote kwa mpigo, ukalala ndani ya korongo kama mlango uliofungwa. Maji yakajaa nyuma yake usiku kucha, kisha yakaubomoa. Mjomba alinieleza haya bila kuniangalia. Hakuniambia kwamba alikuwa ameniambia. Angesema tu, ningepumua.

Na usidhani iliishia hapo, maana watu hupenda hadithi iishie penye mazishi. Visima vyetu vilikuwa vimefunikwa na mafuriko, na vyoo vya bondeni vilikuwa vimechanganyika na maji hayo. Sisi tulikuwa na matanga, tunapika, tunakunywa hayo hayo. Baada ya majuma machache watoto wakaanza kuhara na kupata homa, wakajaa hospitali ya misheni mpaka wakawa wanalala wawili wawili. Kukhu Namalwa alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wachemshe maji. Walichemsha mbele yake. Akiondoka, wanasema kuni zimelowa.

Mimi nilikaa wiki mbili bila kwenda kwa mama yake Barasa. Mazishini nilijificha nyuma ya watu. Mwishowe nilikwenda, nikamkuta anapukuchua mahindi ya msaada mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nikaanza kumwambia jinsi nilivyosikitika, jinsi ambavyo hakuna aliyeweza kujua.

Akanikatiza. "Wewe ulijua mlima umeungua?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulijua udongo umepasuka?"

"Nilijua."

"Ulijua mvua inanyesha huko?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi ni nini ambacho ulikuwa hujui?"

Hakuwa amekasirika hata. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu. Nilisimama pale, yeye akaendelea kupukuchua, na mpaka leo, mwanangu, amekwisha kufa miaka mingi, sijalipata jibu la kumpa.

Sasa unajua kwa nini ninyi mnanichosha. Juzi walituita semina Kitale, sisi wazee wa vijiji, tufundishwe kuhusu majanga. Nikavaa koti, nikaenda. Akasimama kijana wa kwanza, akazungumzia moto vizuri sana, na picha ukutani. Akaketi, akafungua simu yake. Akasimama wa pili, akazungumzia mafuriko. Wa kwanza hakuinua hata kichwa. Wa tatu, msichana mwerevu kweli, akaeleza kuhusu kipindupindu na maji machafu. Nikainua mkono. Nikauliza, huu mwaka mlima umeungua tena, nimeuona kwa macho yangu. Mvua ikija, huo mteremko utaangukia wapi? Yule wa moto akamtazama wa mafuriko. Yule wa mafuriko akasema, "Mzee, hiyo si yangu, labda kuna watu wa maporomoko lakini leo hawajafika." Wakacheka, wakatugawia soda.

Watu wa maporomoko hawajafika! Nikarudi nyumbani. Nikapita pale bondeni nikakuta mmejenga vyumba vya kupangisha, mistari mitatu, mpaka ukingoni kabisa. Nikauliza mwenyewe nani, nikaambiwa ni wewe na wenzako. Nikauliza kama mlimwuliza mtu, nikaambiwa ati mlikuja wakati wa kiangazi mkaona pakavu. Ndiyo maana nimekuita.

Basi sikiliza, na nitasema wazi kwa sababu kukuachia ukisie nimeona hakusaidii. Usiseme moto umeisha kwa sababu huoni moshi. Moto ukizimika, panda ukaone umeacha nini, au mtafute anayekaa huko akuambie, halafu ujiulize mvua itaufanya nini huo udongo. Kiangazi kikipasua ardhi, hesabu zile nyufa kabla hujashangilia mawingu. Mto ukipungua mvua ikiwa bado inanyesha juu, usichukue beseni. Chukua watoto uende kilimani, na utukane mtu akikucheka. Maji yakishapita, kabla hujauliza umepoteza nini, chemsha ya kunywa, hata kama kuni zimelowa, hata kama una msiba. Na ukiona kitu, kiseme, hata kama si kazi yako. Hasa kama si kazi yako. Mwenye kazi yuko ndani anaandika namba. Hivyo vyumba, kabla ya masika, wahamishe watu. Najua itakuuma. Bomoa, mwanangu, jenga juu.

Sikukuita nikuonee. Nimezika mtu wa umri wako mara moja, na bega langu limeshachoka kubeba. Mungu akutunze, akupe mke mwenye maswali mengi na watoto wasiokuamini haraka. Akupe uzee mrefu, mrefu kuliko wangu, mpaka na wewe uchoshe vijana kwa maneno. Mikono yangu hii hapa juu ya kichwa chako, na baraka zangu zote unazo.

Haya, inuka. Sasa toa hiyo simu, umpigie mtu wa Endebess, umuulize mlima umeamkaje.